Habari za Opereta na Jinsi Alivyouteka Mtandao wa Chuo

Sogeeni, enyi wenye masikio. Na ninyi mliokwisha kukaa vizuri sogeeni pia, maana nafasi ipo na jambo lenyewe ni zito. Anayekunywa chai aweke kikombe chini. Anayechezea simu aigeuze kifudifudi. Leo nasimulia habari za siku ile kuu ambayo Opereta, mke wangu, mama wa mapacha wangu, alitoka nyumbani asubuhi akiwa mtu asiye na mtandao wa chuo, akaurudia mlango uleule jioni akiwa nao. Namwona huyo pale nyuma ameanza kucheka. Cheka, ndugu yangu, cheka mapema, kwa sababu tukifika katikati utatafuta leso.

Nawe kalamu yangu, usinitupe mkono. Miaka yote nimekutumia kuandika idadi ya boliti na mikanda ya feni kwenye stoo ya vipuri, kazi isiyo na sifa, nawe hukulalamika hata siku moja. Leo nakupandisha cheo. Uandike vita, uandike ngome, uandike lango lililofungwa na shujaa aliyelibisha; uandike na yale maneno makubwa ambayo siku za kawaida hayana kazi nyumbani kwetu. Nikizidisha chumvi, acha izidi kidogo. Nikisahau jambo, mwenye habari yupo hapo chumba cha pili, nitamwuliza.

Paliondokea binti mmoja, mwenye sauti ya utulivu na vidole vyepesi, akaajiriwa kuwa opereta wa simu. Ninyi mliozaliwa mkaikuta simu mfukoni hamyajui haya, basi nisikilizeni. Zamani zile simu haikwenda yenyewe. Ulinyanyua mkono wa simu ukamkuta mtu. Ukamwambia unataka kuzungumza na nani. Naye akachomeka waya huku, akachomeka waya kule, akasikiliza mpaka pande mbili zimesalimiana, kisha akasema, "Haya, zungumzeni," akatoka kwenye laini. Huko kutoka ndiko kulikokuwa heshima ya kazi. Opereta aliyebaki akisikiliza maneno ya watu alihesabiwa sawa na mwizi, na mke wangu hakubaki hata mara moja. Alisikia salamu za mji mzima na hakujua habari za mtu yeyote.

Mimi nilikuwa mteja wake. Kila kukicha nilipiga simu ghala kuu kuagiza vipuri, na siku nyingine stoo ilikuwa imejaa pomoni, lakini sauti ile ilikuwa imenipungukia. Ila kila nilipokusanya ujasiri niseme neno la ziada, nilisikia "Haya, zungumzeni," halafu tak! Katoka. Nimebaki na mzee wa ghala na kikohozi chake. Mwishowe ilinibidi nivae suruali iliyopigwa pasi niende mwenyewe mpaka alipokuwa akifanya kazi, na yaliyofuata ni ya familia.

Miaka ikapita, ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe. Maopereta wakashukuriwa, wakapewa kila mmoja saa ya ukutani, wakaenda zao. Ya kwetu iko sebuleni mpaka leo na inachelewa. Lakini Opereta hakuwa ametoka kazini mikono mitupu, maana alitoka na hamu. Aliniambia siku moja tukichambua mchele, "Baba Pacha, nimeunganisha vilio vya watu maisha yangu yote bila kuvisikia. Nataka sasa nijifunze kusikiliza." Chuo kikuu kina somo hilo, ushauri nasaha, darasa la jioni la watu wazima. Alitaka kulisoma mapacha wakazaliwa. Akataka tena mama yangu akaugua, naye ndiye aliyemuuguza. Akataka tena, ikawa zamu ya mapacha wenyewe kusoma. Mwaka huu aliomba, akakubaliwa. Siku ile kwa furaha alifua mapazia ya nyumba nzima.

Naam, lakini kukubaliwa ni mbali na kuingia! Chuo kilitangaza kwamba viti vya darasa lile ni vichache, na kiti hakishikwi kwa kubisha hodi wala kwa kujuana na mtu. Kiti hushikwa ndani ya mtandao wa chuo. Na mtandao wenyewe, kwa mara ya kwanza, haufunguki mpaka ufike kwa miguu yako, ukiwa na chombo chako, kwenye Kituo cha Kompyuta. Mwisho wa yote ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Laptopu ambayo mapacha walimnunulia mama yao ilifika Alhamisi jioni, na hatukuwa na siku nyingine. Atakayekosa, wakasema, angoje mwaka ujao. Nimeishi na mwanamke huyu, namjua. Mwaka ujao asingeomba tena.

Ijumaa ikapambazuka, na shujaa akajivika zana zake. Miwani ikaning'inizwa shingoni kwa mkufu. Laptopu ikaviringishwa kwa taulo jipya la jikoni, ikatiwa kwenye mfuko wa turubai. Waya wa chaji ukakunjwa duara juu ya duara, kwa ufundi wa mtu aliyekunja nyaya ujana wake wote, ukafungwa kwa utepe. Viatu vikapigwa rangi. Mimi nilibeba chupa ya maji na mwavuli, kwa kuwa kila jeshi lina watu wake wa mizigo.

Tukafika ngomeni baada ya adhuhuri, maana kwanza tuliielekea maktaba kwa makosa, na mkutubi akatupa maelekezo ya kutosha kumpoteza mtu mwenye akili timamu. Kituo cha Kompyuta ni chumba kirefu cha ghorofa ya chini. Mlangoni pamebandikwa matangazo juu ya matangazo, la juu kabisa likisema matangazo mengine yote yapuuzwe. Ndani mna meza ndefu yenye soketi, viti vya plastiki, na feni inayogeuza shingo huku na huko kama mtu anayekataa chakula. Nyaya zimepita ukutani chini ya utepe wa gundi. Opereta alipoziona alisimama kidogo, akapitisha kidole juu ya mmoja, akanong'ona, "Hata rangi hawakuzipanga." Nikajua moyo wake umepata nguvu.

Nyuma ya kaunta aliketi mlinzi wa lango lile, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima na funguo nyingi kiunoni. Jina alilopewa na wazazi wake silijui. Wanafunzi humwita Zima-Washa, kwa kuwa shida yoyote utakayompelekea, iwe ya kompyuta, ya taa au ya moyo, jibu lake ni hilo.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee," akasema, macho yake yakiwa kwenye skrini.

"Marahaba, baba."

"Shida?"

Hapo Opereta, Mwenye Sauti Isiyotetereka, Mfunga Nyaya na Mfungua Njia, akasimama wima, akauweka mfuko juu ya kaunta, akanena, "Bwana mkubwa, nimekuja kutafuta njia ya kuingia kwenye mtandao wenu. Chombo ninacho. Namba ya usajili ninayo. Nia ninayo tangu kabla hujaota ndevu. Nionyeshe mlango ulipo, nami nitaubisha mpaka ufunguke."

Zima-Washa akainua macho polepole. Sidhani kama aliwahi kuhutubiwa namna ile tangu aajiriwe.

"Hiyo laptopu, mama," akauliza, "umejaribu kuizima halafu ukaiwasha?"

"Haijawahi kuwashwa."

"Ahaa! Basi tuanzie hapo."

Ikawashwa. Ikalia kamlio kadogo, ikang'aa, na chumba kizima, yaani mimi, kikashangilia. Ikatokea orodha ya mitandao, kila mmoja ukijinadi: Wafanyakazi, Wageni, Wanafunzi, Maktaba Juu, na mmoja ulioitwa Usiniombe Bando, ambao Zima-Washa alisema ni simu ya mtu fulani wa ghorofani na tusimchokoze. Mimi, kwa hekima yangu, nikashauri tuchague Wageni. Tumekuja wageni, tuingie kwa adabu.

Opereta akanigeukia. "Mimi si mgeni hapa, Baba Pacha," akasema taratibu. "Nimekubaliwa."

Akagusa pale palipoandikwa Wanafunzi. Nami nikajificha nyuma ya chupa ya maji.

Sasa ndipo kikaumana. Mtandao ukataka namba ya usajili, ukapewa. Ukataka neno la siri la muda, Zima-Washa akalitaja, ukapewa. Kisha, kwa ukaidi usio na mfano, ukalitupa neno lilelile lililotolewa na watu wake wenyewe, ukasema: tunga lako. Opereta akatunga. Fupi mno, ukasema. Akarefusha. Ukataka herufi kubwa. Akatia herufi kubwa, ukataka tarakimu. Akatia tarakimu, ukataka alama. Akatia alama ya mshangao, maana alikuwa ameshaanza kushangaa, ukasema neno lisiwe na jina lake ndani. Kila alipokata kichwa kimoja cha joka hilo, kingine kilichomoza na masharti mapya. Nikainama nimsaidie. Shujaa akaufungua mwavuli mle ndani, mbele ya watu, akaisitiri skrini.

"Mama Pacha! Hata mimi?"

"Neno la siri, Baba Pacha. Wewe huoni limeitwaje?"

Silijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba nyuma ya mwavuli ule alibonyeza, akafuta, akabonyeza, akavuta pumzi, na joka likanyamaza. Mwavuli ukafungwa. Kwenye skrini palikuwa na kidirisha cheupe chenye neno moja la kijani: Umeunganishwa.

Alilitazama neno lile kwa tabasamu dogo. Midomo yake ikacheza kidogo bila sauti. Kidole kikashuka, tak, kidirisha kikatoweka, naye akakunja mikono mapajani kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Tayari," akasema.

"Umeingia?" Zima-Washa akauliza kutoka kaunta.

"Nimeunganisha."

Lakini alipofungua ukurasa wa kuandikisha masomo, ukurasa ukamjibu kwa maandishi mekundu kwamba hajaunganishwa. Akarudia kila kitu tangu mwanzo, kwa utulivu, herufi kwa herufi. Neno la kijani likatokea. Midomo ikacheza, kidole kikashuka. Akafungua ukurasa wa masomo, na ukurasa ukamkana tena, kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Izime," akasema Zima-Washa. "Halafu iwashe."

Ikazimwa, ikawashwa, mambo yakawa yaleyale. Basi mlinzi wa lango akainuka kwa kishindo cha funguo, akaja mwenyewe kwenye uwanja wa mapambano. Akaishuku soketi, tukahamia soketi nyingine. Akakishuku kiti, kwamba kiko mbali na kile kisanduku chenye taa pale juu darini, tukahama kiti. Akaushuku ukuta. Akamtazama binti aliyeketi jirani, mwenye nywele alizotia rangi ya zambarau, akamwambia aache kutazama video. Binti akasema hatazami video, anasoma. Akaambiwa asome polepole.

"Mama, mtandao huu nimeulea mimi," akasema Zima-Washa, mkono kifuani. "Kila waya unaouona nimeupitisha kwa mikono hii. Nimepanda ngazi, nimeingia darini, nimelala na popo. Haujawahi kumkataa mtu bila sababu. Labda Jumatatu. Leo ni Ijumaa, kwa hiyo tatizo ni hii laptopu."

"Laptopu ina siku moja tangu izaliwe," akajibu Opereta. "Haijapata muda wa kuwa na tatizo."

Binti wa nywele za zambarau akaangua kicheko, kisha akaziba mdomo. "Samahani, mama. Kwani unaandikisha somo gani?"

"Ushauri nasaha."

"Ee! La jioni? Hata mimi nimeshapata, leo asubuhi." Akageuza skrini yake tuone. "Ila fanya haraka, mama yangu. Hapa inaonyesha vimebaki viti vitatu."

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo nilipotazama saa ya ukutani. Si ya kwetu, na kwa bahati mbaya hiyo haichelewi. Ilikuwa imeshapita saa tisa na nusu. Nje watu walikuwa wanaanza kurudi makwao. Opereta akazama tena vitani, na sasa vidole vyake vikawa vinakwenda mbio, vidole vilevile vilivyowahi kuuunganisha mji mzima. Namba ya usajili, neno la siri nyuma ya mwavuli, neno la kijani, tak. Halafu maandishi mekundu. Akaanza upya. Kijani, tak, nyekundu.

"Vimebaki viwili," akasema binti, kwa sauti ndogo.

Zima-Washa akarudi kwenye kaunta kwa huzuni, akaanza kufunga madirisha ya upande wa pili. Nilimwona Opereta akiivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya taulo la jikoni, akaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji, kisha hakuivaa.

"Turudi nyumbani, Baba Pacha," akasema. "Mambo haya ni ya watoto."

Nilimhurumia. Nilifikiria yale mapazia yaliyofuliwa, na viatu vilivyopigwa rangi, nikatamani kumpiga mtu, na wa kumpiga hakuwepo. Nikachukua chupa ya maji nikaitia kwenye mfuko, kwa kukosa la kufanya.

"Hebu ngojeni!" Zima-Washa alikuwa ameinamia skrini yake mwenyewe. "Mama, njoo. Au basi, kaa hapohapo. Hapa kwangu naona jina lako. Mitambo inasema umeingia vizuri kabisa. Umeingia, halafu umetoka. Umeingia, umetoka. Wewe mwenyewe ndiye unayetoka, unabonyeza kitufe cha Toka kwenye kile kidirisha."

"Natoka, ndiyo," akasema Opereta.

"Unatoka?"

"Nikishaunganisha nibaki nafanya nini?" Sauti yake ilikuwa na ukali kidogo, ule wa mtu aliyefunzwa kazi yake vizuri. "Imeniambia umeunganishwa. Nikatoka. Ndivyo inavyotakiwa."

Zima-Washa akazunguka kaunta, akaja akachuchumaa karibu na kiti, funguo zikilia sakafuni. "Mama yangu," akauliza kwa upole ambao sikuutegemea, "kwani ulikuwa unamuunganisha nani?"

Opereta aliitazama laptopu, akanitazama mimi, na nikaiona midomo yake ikicheza ile namna ileile, bila sauti. Na safari hii, kwa kuwa nilikuwa namtazama usoni, nikayasoma maneno yenyewe. Haya, zungumzeni.

Ole wangu na masikio yangu! Tak ile nilikuwa naijua. Ndiyo iliyoniachia kikohozi cha mzee wa ghala, asubuhi baada ya asubuhi, nikiwa kijana nimeshikilia mkono wa simu kama mjinga. Mchana kutwa nimeisikia ikilia mbele yangu na sikuitambua.

Nikasimama. Mwavuli ukaanguka, nikauacha. Nikanena, na ninayakumbuka maneno yangu yote, kwa sababu ni machache na ndiyo bora niliyopata kuyasema tangu nizaliwe.

"Mama Pacha, nisikilize. Umewaunganisha watu na mama zao, na wachumba zao, na madaktari wao, na mimi na vipuri vyangu, na kila mara ukatoka ili usiwaibie maneno yao. Leo hakuna mtu upande wa pili unayempisha. Aliyepiga ni wewe. Anayepigiwa ni wewe. Simu ni yako. Ukiona umeunganishwa, usitoke, mke wangu. Kaa kwenye laini."

Opereta akaivaa miwani.

"Kimebaki kimoja!" akapiga kelele binti wa nywele za zambarau, na adabu zote zikamtoka. "Mama, kimoja! Haraka, mama!"

Sasa tazameni, enyi mliokuja kusikiliza vita, vita ndivyo hivi! Namba ya usajili ikaandikwa kwa kufumba na kufumbua. Neno la siri likaandikwa, na mwavuli ukiwa chini sisi sote watatu tukageuza shingo kwa heshima, tukaangalia ukuta kama wafungwa. Neno la kijani likachomoza. Kidole cha Opereta kikanyanyuka chenyewe, kwa amri ya miaka yote ile, kikakielekea kile kidirisha. Nikakiona kikishuka. Nikakiona kikifika juu ya kitufe. Naye, kwa mkono wa pili, akakikamata kidole chake mwenyewe, akakishusha mapajani kama mtu anayemshika mtoto mtundu, akakikalisha hapo.

"Nimebaki," akanong'ona. "Baba Pacha, nimebaki."

"Baki hapohapo!"

Ukurasa wa masomo ukafunguka. Ulifunguka polepole, mstari kwa mstari, na Zima-Washa akawa anausihi kwa jina ambalo sitalitaja. Halafu katikati ukaganda. Binti akajishika kichwa. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza ilimu ya mahali pale, nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Izimeni, halafu—"

"Usizime!" akanguruma Zima-Washa, na ninaambiwa hayo ndiyo maneno ambayo hajapata kuyatamka kabla wala baada yake. "Mtu yeyote asizime kitu!"

Hakuna aliyezima. Ukurasa ukajinasua. Ushauri Nasaha, Darasa la Jioni, Kiti Kimoja. Opereta akakishusha kile kidole, lakini safari hii pale panapostahili, akabonyeza. Kiduara kwenye skrini kikazunguka, kikazunguka, kikatulia. Umeandikishwa.

Mngesikia kelele, mngedhani mji umetekwa. Binti wa nywele za zambarau alimkumbatia Opereta na kiti chake kwa pamoja, akimwita mwanafunzi mwenzangu. Zima-Washa alipiga kaunta kwa ngumi, kisha akaipuliza ngumi. Mimi nililia, na nasema hadharani kwamba nililia, maana mwandishi wa historia hapaswi kuficha mambo. Opereta hakulia. Aliupanga mkufu wa miwani sawasawa, akashukuru mmoja mmoja kwa zamu, wa mwisho akaishukuru laptopu.

Saa kumi ikagonga. Zima-Washa akafunga dirisha la mwisho, akachagua ufunguo kati ya funguo zake, akaja akasimama pale mezani kwa unyenyekevu.

"Mama, nafunga sasa. Unaweza kutoka."

"Subiri kidogo, baba," Opereta akamjibu bila kuinua macho, vidole vikiwa kazini. "Niko kwenye laini."

Naye, mlinzi wa lango, bwana wa nyaya, akavuta kiti cha plastiki akaketi kusubiri. Binti akafunga laptopu yake, akaaga. Nje jua lilikuwa limeshuka kidogo na mtu alikuwa anafagia ukumbi. Nikaokota mwavuli. Nilikuwa naufunga vizuri pale simu yangu ilipotetemeka mfukoni.

Ilikuwa barua pepe, kutoka kwenye anwani ndefu ya chuo kikuu ambayo sikuwahi kuiona. Mwenye kuituma aliketi karibu nami, ningenyoosha mkono ningemgusa bega, lakini nilivaa miwani yangu nikaisoma kama barua iliyotoka ng'ambo. Ilisema: "Hallo. Hapa opereta. Leo simu nimepiga mimi, na niliyempigia ni wewe. Sitoki."

Basi na waandike waandishi, na wasimulie wasimulizi, na wale wa stoo ya vipuri waambiwe pia: kwamba Ijumaa ile, katika chumba kirefu cha ghorofa ya chini, chuo kikuu kilitekwa na mwanamke mmoja mwenye taulo la jikoni. Kwamba lango lilifunguka na halikuvunjwa hata bawaba. Na kwamba mume wake, aliyeingoja nafasi ile tangu ujanani, aliandika jibu kwa kidole kimoja, akikosea na kufuta, mpaka likakaa sawa, akalituma: "Haya, zungumza." Kisha tukabaki, yeye na mimi, na hakuna aliyetoka kwenye laini.